Tembre za Jamhuri ya Fondasyo

Wiki iliyopita nilikuwa nashona nguo ya shule, kitambaa kimelala juu ya karatasi ya kipimo, uzi ukakatika bila mimi kuona. Mguu ukaendelea kukanyaga. Niliposimama, nikakuta sindano imetoboa ile karatasi mstari mzima, vitundu vidogo vinafuatana sawasawa. Nikaivuta kwa vidole viwili. Ikapasuka moja kwa moja bila kupinda, na ukingo wake ukabaki na meno. Harufu ya mafuta ya mashini ikanipanda puani, na ya karatasi iliyoguswa na chuma cha moto. Mteja alikuwa ananisemesha. Sikumsikia. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, kwetu Mususa, mjini Butembo, msichana wa miaka tisa, na nilikuwa Waziri wa Posta.

Mimi si mtu wa vitabu. Nilisoma hadi mwaka wa pili wa sekondari, na huo wa pili sikuumaliza. Ninaandika mu kaye, daftari langu, nikipata nafasi, na mara nyingi nikisoma tena ninafuta. Hii sitafuta. Nitajaribu kutoa haki ya kila mtu aliyekuwamo, na haki ya askari, na yangu pia, ingawa yangu ndiyo inanisumbua.

Pembeni ya nyumba yetu kulikuwa na parseli, kiwanja cha mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Alianza kujenga nyumba kubwa, akainua fondasyo, msingi wa mawe, mpaka usawa wa magoti, kisha kazi ikasimama. Watu walisema mengi juu yake. Mimi sikumwona hata siku moja, kwa hiyo sisemi kitu. Ninachojua ni kwamba alituachia ramani ya nyumba iliyochorwa chini kwa mawe: saluni, yaani sebule, vyumba vinne, ukumbi, na shimo la choo ambalo lilikuwa halijachimbwa sana.

Ni yaya Kavira, dada yangu, aliyeifanya nchi. Alikuwa na miaka kumi na miwili na sauti ya mama wa sokoni. Alisimama saluni akasema, "Kuanzia leo hapa ni Jamhuri ya Fondasyo. Kila chumba ni jimbo. Miye niko Prezidan."

"Na miye?" nikauliza.

"Weye utakuwa raia."

"Raia peke yangu?"

"Mu nchi kunaombaka raia. Bengine bote balisha kamata kazi."

Basi nikawa raia, wakubwa sita, yaya na watoto wa jirani, wakanitawala, na kila mmoja alikuwa na amri yake. Tulikuwa na sheria moja tu kubwa: kuingia ni kwa mlango. Ukuta wenyewe hata mbuzi aliuruka, lakini mtoto aliyeruka jiwe aliitwa mwizi na kupelekwa chooni, ambako ndiko kulikuwa gereza.

Nilipanda cheo kwa sababu ya Mwalimu. Alikuwa mtu wa Kasai, serikali ilimtuma kufundisha huku kwetu, na alipanga chumba nyuma ya nyumba yetu. Kiswahili chake, alisema mwenyewe, kilikuwa bado kinatembea na fimbo. Siku ya Mungu baada ya misa alikuwa anatoa nje kitabu chake cha tembre, vile vikaratasi vinavyobandikwa kwenye barua ili isafiri, anavipanga juu ya kiti, anavipuliza vumbi kimoja kimoja. Tukinawa mikono alituruhusu kuangalia.

"Hii ni ya Zaire," alisema. "Hii ya Ubelgiji. Hii hapa haina inchi."

"Namna gani, Mwalimu?"

"Kuko mutu moja kule Ulaya. Alikamata kisiwa kidogo, mawe tu na ndege. Akapandisha bendera. Akasema, miye ni inchi. Bote bakamucheka. Donc, akachapa tembre yake."

"Na barua ikatembea nayo?"

"Zingine walikataa. Zingine zilifika, sijui ginsi gani." Akacheka. "Siku ya kwanza moja ilifika, ule mutu alitembea kijiji nzima anaonyesha anvelopi. Alisema, mumeona? Sasa banatujua."

Mwalimu alisimulia tu, kama mtu anavyosimulia kichekesho. Nataka ijulikane hivyo, kwa sababu baadaye mama alimlaumu. Mimi ndiye niliyekwenda nayo mbali. Kichwani kwangu ilikaa hivi: nchi inakuwa nchi siku barua yenye tembre yake inapofika. Kabla ya hapo ni mchezo. Baada ya hapo hakuna mtu anayeweza kuifuta.

Nilimweleza yaya Kavira. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa. Weye njo Minisitiri wa Posta. Lakini raia unabakia pia."

Tulichonga muhuri mu kiazi cha Lubero, kile kikubwa chenye ngozi nyekundu, kwa wembe. Tulitaka picha inayofaa nchi. Bendera ilikuwa ngumu, chui alitoka kama mbwa, mwishowe tukachora mashini ya mama ya kushona, kwa kuwa ndiyo kitu kikubwa tulichokuwa nacho nyumbani. Wino ulikuwa buluu ya kufulia nguo, imekorogwa na uji wa muhogo ishike. Tukapiga mistari na mistari ya mashini ndogo za buluu juu ya karatasi ya kaye. Chini yake tulichonga herufi F na P, nazo zikatoka zimegeuka nyuma mbele, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kwamba kiazi kinageuza. Tukasema ni maandishi ya nchi yetu.

Kazi ya meno niliifanya mimi. Mama alipokwenda sokoni nilitoa uzi mu sindano, nikapitisha karatasi chini yake, nikakanyaga taratibu, mstari wa kulala kwanza kisha wa kusimama. Tembre zikatoka zinakatika kama zile za Mwalimu kabisa. Mama aliporudi alijaribu ncha ya sindano kwa kidole akasema, "Nani amekula makali ya sindano yangu?"

Msichana aliyeitwa Masika alikuja wakati huo. Alitoka upande wa Oicha pamoja na mama yake na wadogo wawili, na mtu wa parokia akawaombea kwa mama yangu, aliyeachiwa ufunguo, walale mu kibanda cha mbao kilichokuwa mwisho wa parseli, mahali mafundi walikuwa wanaweka simenti. Siku ya kukimbia vita baba yake alikuwa shambani, kwenye kakao. Hawakuonana tena. Simu ilipotea njiani na namba zote ndani yake. Walikuwa wamepatana zamani kwamba jambo likitokea watakutana kwa parokia Butembo, nao walisubiri pale majuma mawili, kisha wakahamishwa kwetu. Sasa habari ilikuwa imefika kwamba baba yuko mzima, amelala mu darasa la shule kule Oicha pamoja na wengine, na kwamba anapanga kwenda kuwatafuta upande wa Mutwanga, kwa dada yake. Mutwanga kulikuwa njia nyingine kabisa, na njia yenyewe siku zile haikuwa nzuri. Kama angeianza kabla ya kujua kwamba watoto wake wako Mususa, mama yake Masika alisema, hajui kama wangemuona tena.

Mara ya kwanza Masika alipotaka kupita mu saluni, nilimsimamisha mlangoni nikamwomba paseporo.

"Ya nini?"

"Ya kuingia mu nchi."

Akaniangalia, ndoo ya maji kichwani. "Mi nchi nilisha kuwa nayo moya," akasema. "Iyo ilinitosha." Akaruka jiwe, akaenda zake. Hakuna aliyethubutu kumpeleka gereza.

Lakini siku ya barua alikuja mwenyewe. Alikuwa ameiandika kwa mkono mzuri kuliko wangu: Baba, tuko Butembo, Mususa, nyuma ya fundi wa kushona, pembeni ya nyumba ya mawe yenye haina kuta, usiende Mutwanga. Mama yake hakujua kusoma. Mjomba wangu Kasereka, mdogo wa mama, alikuwa motari, dereva wa pikipiki wa njia ya Beni, na asubuhi ile alikuwa anapanda kwenda huko. Kule Beni angempa mwenzake wa Oicha.

Ninyi wa kwetu mnajua desturi. Barua yetu haisafiri na tembre, inasafiri na mtu. Juu ya bahasha unaandika zile herufi tatu za Kifaransa, P.B.O., maana yake kwa wema wa fulani, kisha jina la yule anayeibeba. Jina likishakuwa pale, barua ni yake. Ikipotea ataulizwa yeye, na mahali popote akisimamishwa anaonyesha: ni mimi huyu, jina langu ni hili.

Mama Masika alinipa bahasha kwa kuwa Masika alikuwa amekwenda kuteka maji, na mimi ndiye niliyekuwa na bik ya kuandikia. Alisema, "Mwana wangu, andika P.B.O. Kasereka."

Nilikuwa nimeshabandika tembre. Ilikaa pale kwenye kona, ya buluu, yenye meno, na mimi nikafikiri: nikiandika jina la mjomba, ni mjomba atakayefikisha barua, si nchi. Barua ikifika bila jina la mtu, tutakuwa tumefika. Nikainamisha kichwa, nikaweka ncha ya bik juu ya bahasha, nikakaa vile muda wa mtu kuandika. Sikuandika.

"Nimemaliza, mama," nikasema.

Mama Masika alikuwa amesimama juu yangu na mtoto mgongoni. Akaipokea, akaiangalia, akampa Mjomba. Mjomba aliitia mu saki, mfuko wake wa safari, bila kuisoma, maana alikuwa na haraka, na anavyonipenda hakuwa na sababu ya kukagua kazi yangu.

Saa saba za mchana motari mwingine alisimama mbele ya nyumba bila kuzima injini. "Mama," akamwambia mama yangu, "ndugu yako bamemukamata pa bariere. Bamekuta jeton ya batu ya pori mu saki yake."

Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa, ila kwa mtoto atakayesoma kaye hii nasema. Makundi ya porini yenye bunduki yalikuwa yanagawa jeton, kikaratasi chenye muhuri, na mkulima asiyekuwa nacho hakupita kwenda shambani kwake. Na aliyekutwa nacho upande huu wa bariere, kizuizi cha askari barabarani, alihesabiwa mtu wao. Watu walipelekwa mbali kwa karatasi ya namna hiyo.

Mama hakuuliza mara mbili. Alininyooshea kidole: "Leta ile bikaratasi yenu yote. Na kile kiazi." Alijua kila kitu kumbe, tangu siku ya sindano. Mwalimu akasema anakuja pia, akavaa koti lake la darasani. Tukapanda pikipiki mbili.

Mjomba Kasereka tulimkuta amekaa chini, hana viatu, hana mkanda, jua lote juu yake. Hawakuwa wamempiga. Alisema hivyo siku ile na anasema hivyo mpaka leo, kwa hiyo naandika hivyo. Komanda, mkubwa wa askari wa pale, alikuwa mtu mfupi, wa mbali, Lingala ilikuwa inaingia mu Kiswahili chake kila neno la tatu. Bahasha ilikuwa juu ya meza yake imeshafunguliwa.

"Mboka nini oyo?" akauliza, kidole juu ya tembre. "Hii ni inchi gani?"

Mwalimu akaanza, "Komanda, c'est-à-dire, hawa ni batoto, kuko historia ya kisiwa..."

"Kisiwa?" Komanda akageuka. "Kuko bantu ya kisiwa pia mu hii mambo?"

Mwalimu akarudi nyuma hatua moja. Simcheki. Alikuwa na mshahara wa serikali na koti moja.

"Huyu mutu," Komanda akasema, anamwonyesha Mjomba, "namuuliza barua ni ya nani, anasema ya mutoto. Mutoto gani, anasema wa dada yake. Mais juu ya anvelopi hakuna P.B.O., hakuna yina. Barua bila mubebaji, na muhuri yenye bunduki, na maandiko sisomi. Bino bokosala nini? Mungefanya nini, nyinyi?"

Hapo ndipo nilipoona. Mashini ya mama, miguu yake mitatu chini, kwa kuwa wa nne ulikosa nafasi, gurudumu pembeni, mkono mrefu mbele na sindano. Kwenye kiazi ilikuwa bunduki ile kubwa inayowekwa chini, mtu akalala nyuma yake. Niliiona wazi hata mimi niliyeichonga. Siwezi kumlaumu Komanda kwa kuona kitu nilichokiona mwenyewe.

"Haiko bunduki," nikasema. "Ni mashini ya mama."

"Onyesha."

Nikatoa kiazi mfukoni, nikakilamba, kwa kuwa buluu ilikuwa imekauka, nikapiga juu ya karatasi yake. Picha ikatoka. Lakini kiazi kilikuwa cha siku nne, kilikuwa kimenyauka, na picha ilitoka ndogo kuliko ile ya bahasha, imejikunja upande mmoja. Askari aliyekuwa nyuma akasema, "Haifanane, chef." Na kweli haikufanana. Mjomba akafumba macho.

Mama yangu ni mtu wa maneno machache. Alinishika bega, akanigeuza, akapiga magoti mu vumbi mbele ya meza, akashika pindo la gauni langu akaligeuza ndani nje.

"Komanda," akasema, "tia ile tembre hapa."

"Wapi?"

"Hapa, ku mushono. Mu mashini yangu ile skuru ya kupima mushono ilishikwa na kutu tangu nilizaa huyu. Haifungukake. Nguo yote natoshaka iko na hatua moya ile ile. Kama hawa batoto bametoboa na mashini yangu, tundu zitalala sawa na uzi. Kama hapana, basi utukamate bote."

Komanda alisita. Kisha akaibandua tembre kwa kucha, pole pole, akaja, akachuchumaa, akailaza juu ya pindo la gauni langu. Nilikuwa nimesimama nimenyoosha mikono kama mtu anayepimwa. Akaangalia jino la kwanza na mshono wa kwanza. La pili na la pili. Alifika mpaka mwisho wa tembre, akaipeleka mbele, akaanza tena. Askari wa nyuma akaja kuangalia pia. Mjomba akafumbua macho.

"Bien," Komanda akasema, akasimama, akajipangusa goti. "Ni fundi muzuri, mama." Kwa Mjomba akasema, "Vaa viatu." Kisha akanigeukia mimi, na sauti ilibaki ile ile. "Na weye. Kwa nini hukuandika yina ya mutu?"

Mama alikuwa anasikiliza. Mwalimu pia. Ningeweza kusema nilisahau. Nilisema, "Nilitaka nchi ifikishe."

Hakuna aliyecheka. Komanda alirudisha tembre mu bahasha, pamoja na barua, akaisukuma mezani. "Mutoto wa hii barua anatafuta baba yake. Nimesoma. Iende. Mais haipite hapa bila yina. Nani anabeba?"

Motari waliokuwa wanasubiri zamu wakaangalia pikipiki zao. Nawaelewa: nani angetaka jina lake juu ya bahasha ile, saa ile? Mwalimu akaangalia koti lake. Mama akafungua kinywa, nadhani alitaka kusema yeye, lakini nyumbani kulikuwa na mdogo wetu wa kunyonya.

Mjomba Kasereka alikuwa anafunga kamba za viatu. Alimaliza kiatu cha pili, akaja mezani, akaomba bik kwa Komanda, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema: P.B.O. KASEREKA.

"Kama kuko mutu bataulizaka," akaniambia, "bataniuliza miye. Hapana kiazi." Akapanda pikipiki. Kule Beni hakumpa mwenzake. Aliendelea mwenyewe mpaka Oicha, njia ambayo hakuwa anaifanya.

Alirudi siku ya tatu na baba yake Masika nyuma yake, mtu mrefu, mwembamba, ameshika bahasha mkononi kama tiketi. Mjomba alimkuta Oicha amefunga mzigo tayari, anasubiri watu wa kuongozana nao Mutwanga. Masika alikuwa anasugua sufuria. Alimuona, akaendelea kusugua mpaka alipoimaliza, akaipindua chini, ndipo akasimama. Sisi tulitazama kutoka jimboni. Yaya Kavira, Prezidan, alikuwa analia waziwazi na hakujali.

Jioni mama Masika alikuja kushukuru, nyumba kwa nyumba, kama inavyotakiwa. Alimshukuru mama, alimshukuru Mwalimu. Akafika kwangu na bahasha. Akaweka kidole juu ya lile jina.

"Wasingya, mwana wangu," akasema, asante ya lugha yetu. "Uliandika muzuri."

Hakuwepo pale bariere. Kwake yeye, nilifikiri, jina lilikuwapo tangu mwanzo, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia vingine, maana furaha ilikuwa nyingi. Ningeweza kupokea ile asante, na hakuna ambaye angeumia. Nilikaa nayo kidogo, naungama.

"Haiko mukono yangu, mama," nikasema. "Mi sikuandika kitu. Nilikudanganya."

"Najua," akasema.

Nikamwangalia.

"Kusoma sijui. Macho niko nayo. Siku ile bik yako haikusogea."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kitenge. "Tulikuwa bageni. Kibanda ni chenu, fundi ni mama yako, motari ni mujomba wako. Mugeni hakatalake mutoto wa mwenye nyumba." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Kisha akaona ninavyomwangalia, na nadhani alinihurumia, lakini hakuchukua neno lake nyuma, na mimi namheshimu kwa hilo. Alisema, "Kuja. Kuko maharagi ya kuchambua, leo tuko bengi."

Nikamfuata mpaka kibandani. Masika alinisogezea ungo, nikakaa chini pembeni yake, nikachambua.